Mangi wa duka kila nikiuliza bei anasema "kodi imepanda". Kweli au napigwa?

Mama Naima
Habari za jioni wakuu. Naishi Chikongola, Mtwara mjini, nyumba ya kupanga, tuko watu sita. Mume wangu ni fundi seremala, mimi nakaanga samaki jioni. Mwezi ukikaa vizuri tunashika laki nne, na yote inaishia tumboni.

Tangu bajeti isomwe mangi wa hapa mtaani kapandisha sukari, mafuta ya kula na sabuni ya mche. Ukiuliza, jibu ni moja: "Kodi imepanda, dada." Juzi kapandisha mpaka unga wa makopa, muhogo mkavu! Makopa yaliyoanikwa juu ya bati huko Tandahimba nayo yana kodi? Kwa vitu vilevile tunatoa kama elfu 25 zaidi kwa mwezi.

Shemeji yangu, ambaye ana kazi yake nzuri, anasema nisilalamike. Eti kodi ya dukani ndiyo ya haki kuliko zote, kwa sababu tajiri na maskini wanalipa asilimia ileile. Nilikosa la kumjibu. Naomba kujua: imepanda kweli? Nibane wapi? Na shemeji ana hoja? Nawasilisha.

Kitangali Boy
VAT ya makopa 😂😂 Huyo mangi apewe wizara kabisa.

Mhasibu Ligula
Pole dada. VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani inayowekwa juu ya bei ya vitu, huku Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Ilianza 1998 ikiwa 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009, na tangu hapo haijapandishwa. (Waliokuwa wananunua sukari mwaka ule waniambie kama waliiona bei ikishuka. Mimi sikuiona.)

Halafu hata ingepanda, piga hesabu. Kitu cha 11,800 watu hudhani kina kodi ya asilimia 18 ya hiyo 11,800. Hapana, kodi imo ndani: elfu 10 ya kitu, 1,800 ya kodi. Serikali ikirudisha ile 20, bei inakuwa 12,000. Mia mbili tu. Kwa mahemezi ya 118,000 ya vitu vyenye VAT, nyongeza ni elfu mbili kwa mwezi. Wewe umeongezewa elfu 25. Hiyo si kodi.

Mazao ya chakula ambayo hayajasindikwa, kama mahindi, muhogo, mboga, samaki wabichi, yamesamehewa VAT. Na duka lisilofikisha mauzo ya milioni 200 kwa mwaka halilazimiki kujisajili VAT. Kama mangi wako hajasajiliwa, hana ruhusa ya kukutoza. Kodi anayoweza kukulalamikia ni ile aliyoilipa yeye kwa mwenye duka la jumla.

Dereva wa Kusini
Mhasibu umesema vizuri ila umesahau barabara. Sukari na mafuta vingi vinatoka Dar. Mafuta ya gari hayana VAT, lakini yana ushuru na tozo zake, na Julai 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita. Tajiri wa lori hailipi mfukoni kwake, anaiweka kwenye nauli ya mzigo. Na barabara ilipokatika Somanga Mei 2024, vitu vilipanda hadi Lindi na Mtwara. Lori zilipoanza kupita, nani alishusha bei siku hiyohiyo? Bei huku ikipanda imepanda.

Mwanahawa wa Mikindani
Mimi nijibu la shemeji, maana limenikera. Wewe una laki nne, unanunua vitu vya 118,000 vyenye VAT, umelipa kodi 18,000. Yeye tuseme ana milioni nne, ananunua vya 354,000, kalipa 54,000. Kweli kakuzidi mara tatu. Lakini wewe umetoa 4,500 katika kila laki unayoipata, yeye katoa 1,350. Nyingine kaweka benki au kanunua kiwanja, na hela iliyolala haitozwi VAT. Asilimia ni moja dukani, si mfukoni.

Mhasibu Ligula
Sawa, ila usimsahau bibi wa Newala anayekula muhogo wa shambani kwake. Huyo VAT anakutana nayo kwenye sabuni na chumvi tu. Anayeumia zaidi ni maskini wa mjini, anayenunua kila kitu. Na ule msamaha wa chakula unamnufaisha shemeji pia, maharage yake nayo hayana VAT.

Fundi Msijute
Kuna ushuru unaouma kuliko huo: saruji. Tangu Julai 2023 kila mfuko wa kilo 50 una ushuru wa elfu moja, na VAT inapigwa juu yake, jumla 1,180. Kiwanda tunacho hapahapa, vumbi tunaliona, na ushuru tunaulipa kama aliye Mwanza. Anayejenga ghorofa na anayetafuta mifuko kumi ya kusakafia chumba, kwa mfuko wanalipa sawasawa.

Mwanahawa wa Mikindani
Mama Naima, umesema umepanga. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ananunua nani?

Mama Naima
Sisi. Kila mwezi manunuzi ya kwanza yanakatwa.

Mwanahawa wa Mikindani
VAT, makato ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) ni ya umeme unaotumia, hayo hayakwepeki. Lakini humo imo kodi ya jengo, na hiyo ni ya mwenye nyumba. Tunza meseji za LUKU, mwambie aitoe kwenye kodi ya pango. Ongea naye kwa heshima, kabla ya siku ya kulipa, si siku hiyo mkiwa mmenuniana.

Mama Naima
Asanteni sana. Kesho namfuata mzee mwenye nyumba na meseji zangu. Shemeji nimemtumia zile hesabu, kaona, kanyamaza. Swali moja: duka la jumla Soko Kuu watanipimia sukari kilo kumi?

Dereva wa Kusini
Wengi hawapimi, wanauza mfuko. Changeni majirani watano, mchukue mfuko wa 50, mgawane kumi kumi. Mzani mtafute wenyewe, na mafuta ya kula chukueni dumu kwa mtindo huohuo.

Kitangali Boy
Na makopa agiza kwetu, yanakuja na basi. VAT nitalipa mimi.