Tupeane uzoefu: uliwahi kubadilisha sinki au beseni la kunawia, yakakukuta yepi?

BintiJang'ombe
Assalaam alaykum. Asubuhi nzima jirani anagonga patasi, anatoa sinki la jikoni, nami nimekumbuka letu la mwanzo. Lilikuwa la stenlesi, jembamba, muuzaji alituapia halishiki kutu milele. Maji yetu ya kisima yana chumvi. Mwaka haujaisha vikatoka vidoa vya rangi ya kahawa, kisha vitundu kuzunguka chujio, na kabati la chini likavimba mbao zote. Waliokwishabadilisha sinki au beseni, hebu semeni yaliyowakuta.

FundiMwera
Wa alaykum salaam dada. Stenlesi zina madaraja. Zinazouzwa sana ni 304, na hiyo chumvi huitoboa vitundu vidogo vidogo. Ipo 316, imetiwa molibdeni, inahimili chumvi zaidi, lakini bei yake imechangamka. Ukishanunua 304, suuza na upanguse pakauke kila ukimaliza kuosha vyombo. Na lile brashi la waya la kusugulia masufuria msililaze juu ya sinki. Chembe zake hubaki pale, zikashika kutu, kutu ikaanzia hapo.

Wa_Michenzani
Sisi tulio kwenye majumba haya ya ghorofa ya Michenzani, Unguja, waliyotusaidia kujenga Wajerumani wa Mashariki, shida yetu si sinki, ni paipu moja kuu inayoshuka na uchafu wa kila mtu. Wa juu akifua, povu linachomoza kwenye sinki langu. Nimebadilisha sinki, povu likaja kwenye sinki jipya.

MamaWatatu
Hili la povu ninalo pia, mwaya.

KiembeSamaki_Juu
Langu fupi. Maji yalikatika mchana, watu wakafungua mfereji kuangalia, hakuna aliyefunga. Ndani ya sinki kitambaa cha kufutia meza. Maji yakarudi saa nane za usiku, kitambaa kikaziba chujio. Tumeamka na makobazi yanaelea ukumbini. Tangu hapo, kabla ya kulala nafunga valvu kuu kwa mkono wangu.

MkaaziMalindi
Nami nieleze, maana hadi leo nikisikia tone la maji moyo unashtuka.

Tulipanga ghorofa ya pili, Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Mwenye nyumba akaamua kutuwekea beseni la kunawia nje ya chumba cha kulia, pahala ambapo tangu nyumba ijengwe hapajawahi kupita maji. Fundi aliyemleta akatoboa sakafu, akapitisha paipu ya plastiki, akaziba kwa saruji, akaondoka. Beseni zuri, jeupe, wageni wanalisifu.

Chini yetu kulikuwa na fundi cherehani, mzee mtaratibu sana. Akaja kutwambia dari lake limeota doa la kahawia. Mwenye nyumba akaleta mtu, akalipaka rangi. Doa likarudi, kubwa zaidi. Likapakwa tena. Mimi nikawa nasikia harufu ya chokaa mbichi kila nikipita pale, nikamwambia mwenye nyumba, akasema ni msimu wa masika.

Ikafika Ramadhani. Watu kumi na kitu nyumbani, wote wananawa pale kabla ya futari na baada ya futari, na kila mtu anatia udhu pale pale. Usiku mmoja, daku bado, tukasikia mshindo uliotikisa vyombo kabatini. Niliposhuka na tochi, mlango wa duka umejaa vumbi jeupe. Kipande cha dari, mawe na chokaa na boriti mbili, kimelala juu ya meza ya kukatia vitambaa. Cherehani moja imefukiwa, inaonekana gurudumu tu. Kanzu za sikukuu za watu zimezikwa. Mchana wake wote mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile. Alhamdulillah lilikuwa usiku.

Nilishika ncha ya boriti iliyokuwa imeingia ukutani, ikamegeka mkononi kama mkate wa mofa uliotota. Katikati yake ilikuwa ngumu kama siku iliyokatwa. Palipooza ni pale tu penye ukuta, maji yalipokuwa yakikusanyika. Walipochimbua wakaona elbo, kile kiungo cha kona cha paipu, ya chini ya sakafu haikutiwa gundi, ilisokomezwa tu. Kila tunaponawa, kidogo kinakwenda njia yake, kidogo kinabaki ndani ya sakafu.

MamaWatatu
Lahaula! Na mzee kalipwa nani cherehani yake?

Wa_Michenzani
Nami nataka kujua hilo. Na hizo kanzu?

UkutaMweupe
Tangu Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iporomoke upande ile Disemba 2020, mimi doa darini silali nalo. Ila huyo fundi kosa lake la kwanza ni saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, ukiuziba kwa saruji unyevu unafungiwa ndani, hauna pa kutokea. Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na huwezi kutoboa tu sakafu bila kwenda kwa mamlaka inayousimamia. Mafundi wa bara na wa ng'ambo hawajui nyumba zetu.

FundiMwera
Shekhe, mimi mzaliwa wa hapa hapa na nimezika paipu kwenye saruji nyumba nyingi, hazijadondoka. Kilichoangusha dari ni elbo isiyotiwa gundi. Usitie ubara na uzanzibari kwenye kopo la gundi.

UkutaMweupe
Nyumba nyingi za matofali! Ninasema nyumba za mawe, fundi. Hata ungetia gundi, siku itakapovuja miaka kumi mbele, chokaa ingeonesha mapema, saruji itaficha mpaka boriti ziishe.

FundiMwera
Hapo umesema neno. Kwenye nyumba ya boriti mimi mwenyewe siziki paipu, napitisha nje ya ukuta ionekane. Lakini wateja wanasema mbaya, zifiche. Na vifaa mnanunua wenyewe vya bei ya chini, kisha lawama kwa fundi.

MpembaWaWete
Mnagombana na Pemba hamjatuuliza. Huku sinki linazibwa na machicha. Mama anakuna nazi, anakamua tui, machicha yanaswagwa kwenye sinki pamoja na magamba ya samaki, halafu fundi anaitwa. Machicha wapeni kuku jamani. Na likishaziba, chemsha maji birika zima umimine yangali yanatokota.

FundiMwera
Usimimine yanayotokota kwenye paipu ya plastiki, ndugu yangu! Inalainika, maungio yanaachia. Weka ndoo chini, fungua trapu, ile paipu iliyopinda chini ya sinki, kwa mkono, mwaga uchafu, suuza, rudisha.

MpembaWaWete
Bibi yangu kafanya hivyo umri wake wote.

FundiMwera
Paipu ya bibi ilikuwa ya chuma.

Shangazi_Chukwani
Mimi naongeza kuhusu mabeseni ya kuning'inizwa ukutani. Mjukuu wangu alijivuta kwa mikono miwili anywe maji ya mfereji, beseni likang'oka na misumari yake na plagi zake za plastiki. Udongo ule ukivunjika una makali kuliko chupa, alishonwa kidevu. Fundi wa pili alipotazama akasema ukuta wa mawe na chokaa ni laini, plagi hazishiki. Sasa limekalia mguu wake mpaka chini. Wenye watoto wadogo, msining'inize.

KiembeSamaki_Juu
Ahsante shangazi, letu la kuning'inia naliondoa.

Kijana_Fuoni
Harufu nayo? Sinki jipya kabisa, usiku linanuka shimo, na mende wanatoka mle mle.

MamaWatatu
Mimina mafuta ya taa.

MpembaWaWete
Siki na ndimu.

FundiMwera
Wewe huna trapu, au unayo imekauka. Ile paipu iliyopinda chini ya sinki hubakisha maji, na maji yale ndiyo yanayozuia hewa ya shimo na mende. Chungulia, kama paipu imeshuka moja kwa moja, nunua trapu ya inchi moja na nusu. Kama sinki la chumba cha wageni halitumiki, mwaga kikombe cha maji kila baada ya muda.

Wa_Michenzani
MkaaziMalindi bado hajatujibu cherehani kalipa nani.

MkaaziMalindi
Nilikwenda msikitini. Wazee wa mtaa walikaa na mwenye nyumba baada ya tarawehe. Alilipa cherehani na dari, kwa mafungu. Kanzu tulizowahi kuzitoa tulizifua sisi wapangaji na wanawake wa mtaani, usiku ule ule na siku zilizofuata. Chokaa hutoka kwa siki na kusugua, lakini mbili hazikufaa. Beseni halikurudishwa, tukarudia birika na ndoo.

BintiJang'ombe
Nimesoma haya nikaingia chini ya sinki langu na tochi. Mbao ina unyevu upande mmoja. FundiMwera, nitajuaje panapovuja?

FundiMwera
Panguse pote pakauke kabisa. Zungushia karatasi ya chooni kavu kwenye kila ungio, ziba chujio, jaza sinki, kisha uachie maji yote kwa pamoja. Karatasi itakayolowa ya mwanzo ndiyo yenye kesi. Anza kutazama juu, maji huteremka na kukudanganya.

BintiJang'ombe
Imelowa ya juu kabisa, kwenye nati kubwa chini ya chujio.

FundiMwera
Ile washa, pete ya mpira ya kuzuia maji, imechoka. Ichukue uende nayo dukani upate ya ukubwa ule ule. Ukirudisha, kaza kwa mkono tu, spana itaipasua nati ya plastiki.