Dogo kapewa sifuri, mwalimu anasema likeni ni "uchafu wa mti"

Wakuu za jioni, niko Tukuyu huku, hasira zimenipanda mpaka chai imepoa mezani.

Dogo yuko la sita, wakapewa zoezi wataje viumbe wawili wa msitu wa Mlima Rungwe wa kulindwa halafu wawalinganishe. Wenzake wakaandika kipunji (yule kima wa misitu ya huku) na mbega, sawa. Wangu kaandika kipunji na likeni, yale manyoya ya kijivu-kijani yananing'inia matawini kule juu kwenye ukungu, yakikugusa shingoni unaruka ukidhani nyoka. Sifuri! Pembeni kwa peni nyekundu: "huu ni uchafu wa mti siyo kiumbe".

Uchafu?? Likeni ni kuvu na mwani wanaishi pamoja, kuvu anatoa nyumba na kushika maji, mwani anapika chakula kwa jua. Na huyo kipunji tunayemlilia likeni anazila, pamoja na majani, matunda, magome na wadudu, so dogo kalinganisha mlaji na chakula chake, mtoto wa la sita jamani! Tena kaandika mti ukikatwa kipunji anarukia wa jirani ila likeni inaanguka na mti wake, na nyingi zinakua milimita chache tu kwa mwaka. Kipunji angalau kahesabiwa, makadirio ya 2008 yalisema 1,117, misitu ya huku kwetu Rungwe na Livingstone pamoja na msitu wa Ndundulu kule milima ya Udzungwa. Likeni nani kazihesabu?

Kinachoniuma zaidi, kipunji mwenyewe wawindaji wa huku walikuwa wanamtaja siku zote, watafiti wakahisi labda ni stori tu mpaka walipomwona kwa macho 2003, 2005 ndo akatangazwa duniani, 2006 wakampa na jenasi (kundi la kisayansi la viumbe wa karibu) yake peke yake. Yaani juzi tu hapa na yeye angepigwa sifuri.

Nimeenda shule naambiwa "mzazi, tunasahihisha kwa mwongozo, likeni haimo". Nikaondoka maana ningeongea vibaya mbele ya watoto.

Kesho narudi na tawi lenye likeni zake (nimeliokota limeshadondoka, sijakata, msije mkanirukia). Mwenye kujua rufaa ya zoezi la darasani inakatwa kwa nani aniambie, niko siriasi.