Tupeane uzoefu: bafu dogo la ndani, uliweka sinki la kuogea au bomba la mvua?

Mjenzi wa Katubuka

Habari za jioni wakuu. Nyumba yangu hapa Kigoma imefika hatua ya plasta na bafu la masta bado liko tupu. Ni dogo, mita 1.5 kwa 2.1 kwenye ramani, na humo humo kiingie choo cha kukaa na sinki la kunawia. Mke wangu anataka sinki refu la kuogea, lile la kulala ndani, kwa sababu tuna watoto wadogo na yeye mgongo unamsumbua. Fundi anasema niweke bomba la mvua tu nimalize.

Sitaki ushauri wa dukani, huko kila kitu kinafaa. Nataka kusikia walioishi nalo moja au jingine, hasa watu wa Kigoma na Tabora, maana maji yetu na umeme wetu si wa Masaki, Dar es Salaam. Lilikusaidia nini, lilikusumbua nini, na leo ungefanya vipi? Nitasoma kila jibu.

Fundi Bomba Gungu

Mkuu, kabla ya chochote chukua futi ukapime upya. Ile 1.5 ni ya ramani au ya tofali kwa tofali? Kama ni ya tofali, plasta itakula sentimita moja na nusu kila ukuta, na kigae pamoja na gundi yake karibu hivyo hivyo. Pande mbili umepoteza sentimita 6, umebaki na 144. Sinki fupi linalopatikana kwa urahisi ni la sentimita 150 kwa 70, na yale ya kawaida ni 170. Nimeshaitwa nyumba mbili mjini hapa, sinki limenunuliwa, limeegeshwa barazani, haliingii. Moja ilibidi tuchimbe ukuta uliokwisha kupigwa plasta. Kwa hiyo swali lako huenda futi ikalijibu kabla yetu.

Likiingia, lilaze upande wa ukuta mfupi wa mwisho. Utabaki na kama mita 1.4 ya kuweka choo, sinki la kunawia na njia ya kupita. Inawezekana, lakini mlango ufungukie nje. Ukifungukia ndani utagonga choo kila siku.

Jambo la pili ni presha, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Maji yanayotoka kwenye tenki yanasukumwa na kimo chake tu: mita 10 za kimo ndizo zinazokupa presha ya baa 1. Tenki lako likikaa kwenye mnara wa mita 3 na kichwa cha bomba la mvua kiko mita 2, una mita moja tu ya kusukuma maji. Hiyo si mvua, ni manyunyu. Shawa ya umeme haitawaka kabisa, kwa sababu ndani yake kuna kiwambo kinachosubiri presha ndipo kiunganishe umeme. Sinki la kuogea halijali hayo, bomba likitiririka polepole litajaa tu. Ukitaka bomba la mvua, panda mnara au weka pampu ndogo ya kuongeza presha, na bomba linaloshuka kutoka kwenye tenki liwe pana, usianze na la nusu inchi tangu juu.

Wengi tunabishana sinki au shawa wakati tenki liko chini ya dirisha. Anza na tenki.

Mama J wa Kitete

Mwangaluka wote. Mimi niko Tabora, nyumba ya kupanga, tulikuta sinki la kuogea bafuni. Nitalitetea, maana naona mafundi watalipiga mawe.

Miaka ile tulipokuwa tunategemea bwawa la Igombe, ikifika Septemba na Oktoba mgao ulikuwa mkali. Sinki lile ndilo lilikuwa ghala letu. Maji yakifunguliwa usiku naweka kizibo najaza, asubuhi nina zaidi ya ndoo saba za kuogea na kufulia bila kusukuma dumu kwenye toroli. Kuoga tulikuwa tunaoga kwa kopo tumesimama pembeni yake. Sijawahi kulala mule ndani kipindi hicho, nani angemwaga maji yote yale?

Tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofika huku mambo yamebadilika, na sasa wanangu wawili wadogo wanaoga pamoja jioni, maji kiasi cha kufika kiunoni wakiwa wamekaa. Nawasugua mara moja, wanacheza, namaliza. Mwenye watoto wanaotoka kucheza kwenye mchanga wa Tabora ataelewa ninachosema. Maji yale yale nayachota na ndoo kumwagia chooni, kwa hiyo hayapotei.

Lakini hili nalisema kwa msisitizo: sinki lenye maji na mtoto anayetambaa ni hatari ya kweli. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kina kifupi sana, na hapigi kelele. Tulipokuwa tunahifadhi maji, mume wangu alichongesha mfuniko wa mbao na mlango wa bafu ukawekewa komeo juu kabisa. Kama huwezi kufanya hayo mawili, usihifadhi maji humo.

Mkazi wa Mwandiga

Mimi ndoo na kopo. Bafu langu ni dogo kuliko lako, sakafu imeteremka vizuri kuelekea kwenye tundu, ndoo moja ya lita 20 inanitosha na inabaki. Naheshimu wenye sinki ila sioni ninachokikosa.

Kijana wa Ujiji

Kaka, fikiria na wazee watakaokuja kukaa kwako. Sisi nyumbani kulikuwa na sinki la kuogea, na mama yangu anatembea kwa fimbo. Ukingo wa sinki unafika juu ya goti. Ili aingie lazima anyanyue mguu mmoja, abaki kwenye mguu mwingine juu ya kigae chenye maji, halafu ashushe kwenye sinki lenye povu la sabuni. Dada yangu alikuwa anamshika kila siku na bado siku moja waliteleza wote wawili. Hawakuvunjika, Alhamdulillah.

Tuliling'oa. Pale pale fundi akajenga sehemu ya bomba la mvua, sentimita 90 kwa 120, haina kizingiti, mtu anaingia anatembea tu. Ukutani kuna mkono wa chuma wa kushika, umefungwa kwa boliti zilizoingia kwenye tofali lenyewe, siyo kwenye plasta. Kuna na kibao cha saruji kilichovikwa vigae, anakaa anaoga mwenyewe. Hilo la kuoga mwenyewe bila binti yake kumshika lilimrudishia furaha kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Tukaongeza bomba la chini, usawa wa goti. Mama anatawadhia hapo amekaa, na sisi tunajazia ndoo. Nyumba nyingi mpya naziona zina shawa ya juu tu, mtu akitaka udhu anahangaika na sinki la kunawia, anamwaga maji sakafu nzima.

Mstaafu wa Reli

Wanangu, shikamooni nimezipokea kabla hamjatoa. Nimekaa nyumba za shirika hapa Tabora, za zamani, kuta nene, dari juu. Bafu lilikuwa na sinki la chuma lililopakwa enameli nyeupe, zito, watu wanne hawalibebi kwa raha. Nje kulikuwa na pipa limelazwa juu ya jiko la kuni, bomba limepita ukutani. Jioni za Juni na Julai Tabora inapoa kweli, wageni hawaamini. Umetoka zamu ya usiku kwenye treni, mwili umekufa ganzi, unaingia kwenye maji ya moto hadi shingoni. Usingizi wa baada ya hapo sijaupata tena.

Kwa hiyo mke wa huyu bwana asidharauliwe. Mgongo unaouma unajua tofauti ya maji ya kumwagiwa na maji ya kukaliwa. Ila semeni ukweli pia: tulikuwa na kuni na maji hayakuwa na bili niliyoiona mimi. Leo nyumbani kwangu naoga bomba la mvua.

Fundi Umeme wa Mwanga

Mzee amegusa maji ya moto, niongezee hesabu. Sinki dogo lijazwe lita 150, maji yaanzie nyuzi 24 yafike 40: ni karibu uniti 2.8 za umeme kwa kuoga mara moja. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika, uoge dakika 5, ni lita 40 na umeme hauzidi uniti 0.8. Upande wa maji, uniti moja ya bili ni lita 1,000, hiyo ni kujaza sinki mara sita ukabakiwa kidogo, au kuoga shawa mara 25. Fanya hivyo kwa familia ya watu sita utaona mwenyewe.

Lakini shawa ya umeme nayo siyo ya kuchezea. Ya wati 5,400 inavuta karibu ampea 24. Nimezikuta Kigoma hii hii zimeungwa kwenye waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5, plagi imeyeyuka. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa milimita za mraba 4 kwa uchache na 6 ndio wa kulala usingizi, swichi yake iwe nje ya eneo la maji, ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) ya kweli iliyopimwa, na kifaa cha kukata umeme unaovuja. Mtu anayeoga amelowa mwili mzima na yuko pekupeku. Fundi akikwambia ethi si lazima, mlipe nauli aondoke.

Mkunga

Kwa ufupi kwa akina mama wanaosoma: aliyejifungua, hasa mwenye mshono, asikae kwenye sinki la maji hadi mtoa huduma amruhusu. Maji ya kumwagika ni salama zaidi kipindi hicho. Na mtoto mchanga hahitaji sinki kubwa, beseni lake juu ya meza imara linatosha, na mama hainami.

Mpangaji wa Isevya

Niseme lisilosemwa: usafi. Sinki linabaki na mstari wa povu na mafuta ya mwili, lazima lisuguliwe kila baada ya mtu kuoga. Nyumba yetu tulikuwa vijana watano, hakuna aliyesugua, mwisho likawa la kuwekea nguo chafu. Bomba la mvua unapitisha mfagio wa maji umemaliza.

Mjenzi wa Katubuka

Nimewasoma wote, shukrani za dhati, na mzee wangu wa Reli shikamoo sana. Nimepima: 143 kati ya plasta na plasta ukuta mfupi. Sinki la 150 haliingii, na ukuta wenyewe ni wa nguzo siwezi kuuchimba. Nimeongea na mke wangu, nimemsomea ujumbe wa kijana wa Ujiji na wa mzee. Amekubali bomba la mvua kwa sharti la kibao cha kukalia na shawa ya mkono yenye mpira mrefu, amwagie mgongo maji ya moto akiwa amekaa. Watoto tutawanunulia beseni kubwa la plastiki linaloegeshwa ukutani. Mnara wa tenki naupandisha kutoka mita 3 hadi 6.

Swali la mwisho kwa Fundi wa Gungu: bila kizingiti, maji hayatanifuata hadi chumbani?

Fundi Bomba Gungu

Hayatakufuata kama sakafu imetengenezwa kabla ya kigae, maana kigae hakirekebishi mteremko. Sehemu ya kuogea iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na bafu zima liwe chini ya sakafu ya chumba angalau sentimita 2. Tundu liwe na trapu inayobakiza maji, bila hivyo harufu ya chemba italala nanyi. Paka dawa ya kuzuia maji sakafuni na ukutani hadi usawa wa kichwa eneo la shawa, ikikauka ziba tundu, jaza maji sakafu nzima, yaache saa 24. Asubuhi angalia kuta za nje na chumba cha pili. Kukiwa na unyevu hata kidogo, rudia dawa kabla kigae hakijashuka. Vigae vya sakafuni chagua vyenye mikwaruzo, vile vya kung'aa weka ukutani.

Na hiyo shawa ya mkono, ndoano yake iwe mbili: ya kusimama na ya kukaa.

Kijana wa Ujiji

Ya kukaa sisi tuliifunga sentimita 110 kutoka sakafuni. Lakini mkalishe kwanza mkeo kwenye kibao, anyooshe mkono, ndipo fundi atoboe.