Picha za familia: seva ya nyumbani au wingu la kulipia?

Mtoa mada (Tabata)

Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya kawaida hapa Dar ina haja ya kuwa na seva yake, yaani kompyuta inayowaka muda wote kutunza mafaili, au tuendelee kulipia wingu, yaani hifadhi za mtandaoni za kampuni za nje? Msimamo wangu: nakala ya kwanza ya picha na nyaraka za familia ikae nyumbani. Wingu liwe la pili.

Marehemu baba aliweka picha zake zote kwenye huduma moja ya nje. Baada ya msiba nywila tuliikuta kwenye daftari lake la mahesabu, lakini mfumo ukataka kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yake, na laini ilishafungwa. Tukaandika, tukaambatanisha cheti cha kifo. Huu mwaka wa tatu. Picha za harusi ya mdogo wangu zimo humo, na hatuna nyingine.

Ndipo nikaenda Kariakoo nikanunua kompyuta ndogo iliyotumika ofisini, nikaweka Linux, mfumo endeshi wa bure, na Immich, programu ya kutunza picha. Mama watoto akirudi jioni, simu ikishika tu waifai ya ndani, picha za siku nzima zinapanda zenyewe. Bando haliguswi, maana picha hazitoki nje ya ukuta. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikawa ya kusuasua, sisi tuliendelea kufungua picha zetu.

Mchangiaji (Kigogo)

Pole kwa msiba, mkuu. Ila sisi wa bonde la Msimbazi maji hayapigi hodi. Mvua moja ilinichukulia friji, magodoro na vyeti vya shule vya wanangu. Vipya nilivyofuatilia nimeviskani vyote, viko Google kwenye zile GB 15 za bure, na usiku nalala. Seva yako huku ingekuwa matope. Bado sijasema umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo.

Mchangiaji (Mbezi)

Mimi nafunga mitandao, kwa hiyo niseme ninachokutana nacho. Ruta nyingi za laini ya simu hazikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, mnagawana moja wateja wengi. Ukiwa Posta huwezi kuifikia seva iliyoko Tabata. Dawa ipo, programu za kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri: Tailscale, au WireGuard kupitia seva ndogo ya kukodi. Msianze kufungua milango ya ruta ovyo, wezi wa mtandaoni wanaipapasa usiku na mchana.

Lakini mtoa mada, wewe ukiondoka leo, mama watoto ataweza kuiwasha?

Mtoa mada (Tabata)

Nianze na umeme. Mashine inakula kama wati 10, yaani uniti 7 na kitu kwa mwezi, haifiki shilingi 3,000. Aliye kwenye tarifu nafuu yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi apige hesabu vizuri, hizo saba zinaweza kumvusha kikomo. Kishindo cha umeme kukatika na kurudi kinapokelewa na UPS ndogo, kile kifaa chenye betri.

Ndugu wa Kigogo, kwa maji umenishinda, sibishi. Bondeni wingu litangulie. Hata mimi diski ya pili iko kwa dada yangu Kigamboni, kila mwisho wa mwezi navuka na pantoni kuibadilisha. Wewe una ndugu anayekaa mlimani, hata Kimara, wa kukutunzia moja?

Swali la mkuu wa Mbezi limenichoma, kwa sababu nilikuwa namwandalia mke wangu kilekile alichotuachia baba. Jana nimekaa na binti yangu wa kidato cha tatu. Tumeandika kurasa mbili kwa mkono: nywila, waya upi unaingia wapi, na jinsi ya kuchomoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Kisha nikatoka nje nikamwachia. Alizima, akawasha, akakosea nywila mara mbili. Baada ya dakika ishirini akaniita nije kuona picha ya bibi yake.

Daftari liko kabatini pamoja na hati ya kiwanja.