Naomba ushauri: Kiholanzi cha kuongea na watu

Habari zenu ndugu zangu. Mume wangu anafanya kazi Rotterdam na tunataka nimfuate na mtoto wetu. Kabla ya kupewa kibali natakiwa kufaulu mtihani unaofanyika ubalozini: kuongea, kusoma, na maswali kuhusu maisha ya Uholanzi. Kiwango ni A1, yaani kile cha mwanzo kabisa cha lugha.

Kusoma hakunisumbui sana, shida ni mdomo. Salamu ninazo: goedemorgen, hoe gaat het, dank u wel. Ile g yao si ngeni kwetu watu wa pwani, iko karibu na kh ya Alkhamisi. Lakini sauti ya ui kwenye neno huis (nyumba) inanishinda kabisa. Na saa ndiyo usiseme! Half acht, neno kwa neno "nusu nane", kwao ni 7:30, yaani saa moja na nusu yetu, kwa hiyo nahesabu mara mbili kichwani kabla ya kujibu, na anayeongea ameshafika mbali. Mume wangu hunisaidia kwa simu jioni, ila tukichoka tunarudi kwenye Kiswahili.

Waliopita njia hii, mlianza na sentensi zipi: za dukani, kwa daktari, au kwa mwalimu wa mtoto? Jirani mzee nimwite "u" (wewe ya heshima) mpaka lini ndipo nitumie "je" (wewe ya kawaida)? Na mnaoishi huko, mnafanyaje Mholanzi akisikia lafudhi yako na kuhamia Kiingereza papo hapo?

Aliyeko Dar anayejiandaa kama mimi, tafadhali aniambie tuwe tunafanya mazoezi ya kuongea pamoja.