Mdogo wangu anatumia unga (heroin) na ana mtoto mdogo, tufanye nini? (Nakuru)

Wadau habari zenu. Niko Nakuru, Kaptembwa. Mdogo wangu wa kike ana miaka 23 na mtoto wa mwaka na nusu. Unga alionjeshwa na jamaa aliyezaa naye, jamaa akatoroka, unga ukabaki. Ameuza simu ya mama, ameuza mtungi wa gesi, juzi diapers za mtoto nimezipata kwa duka la jirani zinauzwa. Mama ana presha na siku hizi analala na mkoba chini ya mto. Akishikwa na arosto, ile hali ya kukosa unga, anatapika, anatetemeka, mtoto analia hapo kando na ni kama hamsikii. Baba anataka kumfukuza, wajomba wanasema tumfungie kwa chumba mpaka itoke. Itatoka kweli? Na mtoto nimchukue? Naogopa juu mtoto ndiye anamrudisha nyumbani.

Nyar Kisumu: Pole sana dada. Msimfungie. Arosto itapita lakini hamu itabaki, na mwili ukishakaa bila unga, siku akitoka arudie kipimo cha zamani anaweza kata pumzi hapo hapo. Ulizeni methadone, ni dawa ya kushika nafasi ya unga, inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, Kenya ilianza kuitoa 2014 na kliniki za serikali hazilipishi. Kakangu yuko kwa hiyo dawa, sai anaendesha boda na analala kwake. Pigeni 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni bure, waulizeni kliniki ya karibu na nyinyi. Na kama ana mimba tena asiache ghafla kabla ya kuona daktari, mimba inaweza kutoka.

Mama Tasha: Mtoto akae na wewe lakini mamake aruhusiwe kuja kumwogesha, kumlisha, ukiwa hapo. Pesa mkononi usimpe, chakula mpe. Kama anajidunga apimwe HIV na hepatitis, mtoto pia apimwe.

Nimetoka huko: Mimi ni mama na nimetumia. Baba alinipigia kelele sana, sikusikia kitu. Mamangu alikuwa ananifunikia ugali na sukuma kwa sahani, hata nikirudi saa nane usiku naipata. Siku nilitaka kuacha nilijua nitamwambia nani. Mwambieni mzee asifunge mlango.

Muulizaji: Asanteni, nimelia nikisoma. Nyar Kisumu, naweza kumsindikiza ama lazima aende peke yake?

Nyar Kisumu: Msindikize. Nendeni mapema, kabla arosto imshike akageukia njiani.