Vijana na treni za milimani: fedha ziende kwenye tiketi au kwenye ratiba?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya umekuwa ukigawa pasi za treni za bure kwa vijana wa miaka 18 kupitia mpango wa DiscoverEU. Mwaka huohuo ukaanza Youth Alpine Interrail, unaowawezesha vijana kuzunguka nchi za milima ya Alps kwa treni kwa gharama nafuu. Lengo ni jema: gari libaki nyumbani. Ila mimi nasema fedha za umma zianzie kwenye ratiba na basi la kumtoa abiria kituoni, tiketi zifuate.

Kwanza, kwa nini milimani hasa? Wakati wa baridi hewa nzito hutuama bondeni, ya vuguvugu ikaifunika kwa juu, na moshi wa magari ukabaki palepale watu wanapoishi. Tambarare ungetawanyika. Wananchi wa Uswisi waliliona hili mapema: mwaka 1994 walipiga kura mizigo inayovuka Alps ihamishwe kutoka barabarani kwenda kwenye reli, na mwaka 2016 likafunguliwa handaki la Gotthard lenye urefu wa kilomita 57.

Kwa upande wa abiria, siri yao ni ratiba. Tangu 1982 treni zao hupita dakika ileile kila saa, na mabasi ya vijijini yamepangwa yakutane nazo. Kijana hana haja ya kukariri chochote wala hofu ya kuachwa njiani. Angalieni Zermatt, mji wa kitalii wa milimani hukohuko Uswisi: magari ya wageni yanaishia Täsch, kijiji cha jirani, safari inamaliziwa kwa treni, na watu wanafurika kila msimu. Hakuna anayehubiriwa pale.

Mchangiaji wa kwanza: Mleta mada, hapa tunatofautiana. Kikwazo cha kijana ni nauli. Marafiki wanne wakichangia mafuta ya gari moja, treni inashindwa kwa bei hata iwe na ratiba nzuri namna gani. Ujerumani mwaka 2022 ilitoa tiketi ya yuro 9 kwa mwezi, Juni hadi Agosti, zikauzwa zaidi ya milioni 50. Isitoshe, mtu wa miaka 18 bado hajanunua gari. Ukimzoesha treni sasa umemwahi; akishakuwa na gari lake, kumrudisha ni kazi.

Mleta mada: Hoja ya marafiki wanne ni nzito, na ndiyo maana naona tiketi ya kikundi ina maana kuliko pasi ya mtu mmoja mmoja. Lakini kiangazi kile cha 2022 treni za kwenda sehemu za mapumziko zilijaa pomoni wikiendi, na sehemu ya safari zile ilikuwa ya nyongeza, si ya watu walioacha gari. Tukihesabu tiketi zilizouzwa bila kuhesabu magari yaliyobaki nyumbani, tunapima kitu kingine kabisa.

Mchangiaji wa pili: Nyote wawili mnamzungumzia kijana mgeni. Vipi aliyezaliwa hukohuko juu, anayeshuka bondeni kusoma na kufanya kazi? Agosti 2023 mawe yaliporomoka bonde la Maurienne, Ufaransa, yakakata reli ya Paris na Milano. Ilifunguliwa tena mwisho wa Machi 2025! Mwaka na nusu mzima. Tiketi ya bure haifukui kifusi. Kulinda njia yenyewe kuje kwanza.

Mleta mada: Nakubaliana nawe kabisa, tena umenisaidia kupanga foleni: njia, basi, ndipo tiketi. Huyo mzaliwa wa milimani hunufaika na mawili ya kwanza mwaka mzima, na mgeni naye anayakuta tayari. Pasi ya bure inamgusa likizo moja. Wala sisemi ifutwe. Nasema angalau ihusishe na basi la mwisho wa safari.

Kwa hiyo nawauliza mnaotaka tiketi itangulie: kijana akishuka kituoni saa tatu usiku, basi la mwisho limeondoka saa kumi na mbili, na malazi yake yako kilomita kumi mlimani, pasi yake inamfikisha vipi?